Jinsi ya Kupitisha Msimbo Bila Mtu Kuusoma

Peleka mabadiliko ya mistari kumi na miwili kwenye mradi wowote wa programu huria, uone utakavyohojiwa. Kigeu hiki kwa nini kimeitwa hivi? Sharti limewekwaje nje ya kitanzi badala ya ndani? Jaribio lake liko wapi? Mistari kumi na miwili inasomeka, na kinachosomeka hakikosi maswali. Lakini peleka mistari elfu mbili, mafaili arobaini, Ijumaa saa kumi na moja jioni, na jibu litakufikia kabla hujashuka kwenye basi: "Iko poa, pitisha."

Siri yote ya mwongozo huu ni hiyo. Wapo wanaohubiri kwamba usafi wa msimbo ni suala la adabu. Waache wahubiri. Suala ni macho. Mhakiki ana macho mawili, jioni moja, na kazi yake mwenyewe inayomsubiri. Kampuni ya SmartBear iliwahi kuichunguza timu ya waandishi wa programu wa Cisco, ikashauri mtu asihakiki zaidi ya mistari 200 hadi 400 kwa mkupuo, kwani akizidisha, kasoro huanza kumpita. Wenye nia njema walisoma ushauri huo wakapunguza ukubwa wa kazi zao. Wewe usome kama kiwango cha kuanzia.

Tuufanyie mazoezi mradi wa karibu na nyumbani. OpenMRS ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, chimbuko lake likiwa mahitaji ya kliniki za AMPATH mjini Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi, Kenya wakiwa na KenyaEMR yao na Uganda UgandaEMR yao, na msimbo wake uko wazi: kijana mwenye kompyuta ya mkononi na bando anaweza kuurekebisha akiwa Mwanza, Kampala au Kigali. Ila una tabia za kuudhi. Unataka kila kazi iwe na tiketi, na namba ya tiketi ikae mwanzoni mwa kichwa cha PR (ombi la kuunganisha kazi yako na msimbo wa mradi), TRUNK halafu tarakimu. Fomu yake ya kuwasilisha kazi imewahi hata kuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba PR yako ina komiti moja tu. Moja! Watu wa Linux nao ni walewale: mwongozo wao kwa wachangiaji unadai kiraka kimoja kitatue tatizo moja, na unaonya kwamba maelezo yakianza kurefuka, huenda kiraka kinahitaji kugawanywa.

Basi tuseme umechukua tiketi inayosema fomu ya usajili inakubali mgonjwa aliyezaliwa mwaka ujao. (Tiketi hii nimeitunga, ila dada zake wamejaa katika kila mradi.) Dawa yake ni sharti moja na jaribio moja, mistari kumi na miwili yote kwa pamoja. Ukiipeleka hivyo itasomwa, itaeleweka, na pengine itaunganishwa kesho yake. Hatuwezi kuruhusu hilo.

Anza kwa kutofungua tawi. Fanya kazi moja kwa moja kwenye tawi kuu la nakala yako, na PR uifungulie hapohapo. GitHub haijali ulikusudia nini: PR hufuata tawi, na kila utakachosukuma kwenye tawi hilo baadaye kitajiunga humo chenyewe. Kazi ya Jumanne itaikuta ya Jumatatu, na ya Jumatano itazikuta zote mbili, hadi mhakiki akifungua ukurasa Alhamisi anakuta mambo matatu yasiyojuana. Wapo wanaokata tawi jipya kwa kila tiketi, kutoka kwenye msimbo wa asubuhi hiyohiyo, wakalipa jina la tiketi. Kazi za watu hao hazichanganyiki, na ndiyo maana kila mtu anajua wamefanya nini.

Sasa fungua faili lenye kosa, halafu usiliangalie kosa. Angalia kila kitu kingine. Utakuta jina la kigeu lisilokupendeza. Libadilishe hapo na kwenye mafaili mengine kumi na sita linakotumika. Utakuta maoni yenye kosa la tahajia, yanyooshe. Utakuta kitendakazi kirefu. Kigawe mara tatu. Maktaba imepitwa na wakati, ipandishe toleo. Kisha hifadhi faili huku kihariri chako kimeruhusiwa kupanga kila kitu upya kwa mtindo wako, mabano yashuke mstari wa chini na kila tab igeuke nafasi nne. Mistari mia nane imeguswa, na programu inafanya kilekile ilichofanya jana. Ukiulizwa, sema ulikuwa unasafisha. Nani atamlaumu mtu mwenye ufagio mkononi?

Fundi nguo wa aina hii tunamfahamu. Umempelekea suruali apunguze pindo, anakurudishia zipu imebadilishwa, mifuko imehamia nyuma na rangi siyo ile. Pindo, kweli, limepunguzwa.

Tahadhari hapa. Kuna wahakiki wajanja wanaoijua amri ya git diff -w, na GitHub yenyewe ina mahali pa kubofya ili mabadiliko ya nafasi tupu yafichwe. Wakifanya hivyo mapambo yako mengi yanayeyuka na lile sharti lako linabaki uchi mbele za watu. Ndiyo maana nimesisitiza kubadilisha majina: majina hayafichiki. Ukiwa mtumiaji wa Windows una bahati ya ziada, kwa kuwa mfumo huo humaliza mstari kwa alama mbili pale ambapo Linux hutumia moja. Usipouweka sawa mpangilio wa core.autocrlf, unaweza kuligeuza faili zima bila kuandika hata herufi.

Wenzako wasioijua raha hii hupeleka usafi peke yake. PR moja ni ya kupanga msimbo tu, tabia ya programu haiguswi; nyingine ni ya tiketi. Halafu namba ya ile komiti ya kupanga wanaiandika kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, ili mtu akitafuta nani aliandika mstari fulani, git blame iiruke komiti ya usafi na kumtaja mwandishi wa kweli. Huko ni kujinyima umaarufu. Wewe changanya, jina lako likae kwenye kila mstari, ukiwemo ulioandikwa Eldoret wakati hujamaliza shule ya msingi, na miaka kumi ijayo mtu akutafute akuulize ulikuwa na maana gani.

Atatokea mzee mmoja kikaoni atakukumbusha habari ya Debian, kwa hiyo uijue mapema. Mwaka 2006 mfungashaji wa Debian aliiondoa mistari miwili ndani ya OpenSSL kwa sababu Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, kilikuwa kikiilalamikia. Ulikuwa usafi mtupu. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukipeleka ubahatishaji kwenye mtambo wa kutengeneza funguo za siri. Tangu hapo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zikabaki funguo 32,768 tu zinazowezekana, hesabu ambayo mdukuzi anaipitia yote bila kutoka jasho. Iligundulika Mei 2008. Na kumbuka, ule ulikuwa usafi wa watu waungwana: badiliko dogo, lililo wazi, na mhusika alikuwa ameuliza kwanza. Angelifukia kati ya mafaili arobaini yaliyopangwa upya, pengine mpaka leo tungekuwa tunalifurahia.

Ukitaka kufika ngazi ya ustadi, hamisha faili kwenye folda nyingine na ulibadilishe ndani ya komiti ileile. Watu wengi hawajui kwamba Git haiandiki popote kuwa faili limehama. Hukisia. Hulinganisha lililotoweka na lililozuka, na yakifanana kwa angalau nusu husema limehamishwa. Ufanano ukipungua hapo, huonyesha faili moja limekufa na jingine limezaliwa. Mhakiki anapewa mistari mia sita ya rangi nyekundu na mia sita ya kijani, na hana namna ya kujua kwamba kilichobadilika hasa ni mistari mitatu. Mwongozo wa Linux unaijua hila hii na umeikataza: msimbo unaohamishwa usiguswe katika kiraka kinachouhamisha. Ukatazo wa wazi kiasi hicho ni ushahidi kwamba mbinu inafanya kazi.

Na kama kuandika vyote hivi kwa mkono kunakuchosha, siku hizi tunayo akili mnemba. Iambie "boresha folda hii" bila kuitajia tiketi, kisha nenda kanywe chai. Ukirudi utakuta kila kitendakazi kimepewa maoni yanayoeleza kwamba kujumlisha moja huongeza moja, kumejengwa kinga dhidi ya makosa yasiyoweza kutokea, na jaribio lililokuwa likishindwa sasa halipo. Usisome. Ukisoma wewe, utakuwa umemwonyesha mhakiki mfano mbaya.

Tuje kwenye komiti. Amri ya kutumia ni git add na nukta, basi. Ile git add -p ina kero: hukuonyesha badiliko mojamoja na kukuuliza kama kweli ulitaka kulipeleka. Mtu mwenye haraka hahojiwi na kompyuta yake mwenyewe. Nukta inachukua vyote vilivyomo: folda ya node_modules na maelfu ya mafaili yake kama hukuandika .gitignore, .DS_Store inayoachwa na Mac kila ipitapo, ile mistari ya kuchapa "nimefika hapa" na "nimefika hapa 2" uliyoiweka usiku ukisaka kosa, na .env yenye nywila ya hifadhidata na funguo za malipo ya simu. Ukishtuka, lifute faili hilo kwenye komiti inayofuata na uvute pumzi. Git haisahau, komiti ya jana bado inalo, na kila aliyenakili msimbo anaweza kurudi nyuma akalisoma. Wanaojua hubadilisha nywila yenyewe papo hapo. Lakini hiyo ni kazi, na mwongozo huu ni wa kukwepa kazi.

Majina ya komiti yawe "marekebisho", "marekebisho tena", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa" na "sasa". Desturi ya Git inataka kichwa kisichozidi herufi 50 hivi, mstari mtupu, kisha aya ya kueleza sababu. Sababu ndiyo ya kuiepuka kuliko vyote. Msimbo wenyewe unamwonyesha msomaji kilichobadilika; kwa nini kilibadilika hana pa kukiona isipokuwa hapo. Ukiifunga njia hiyo umemaliza. Kichwa cha PR kiwe "Maboresho mbalimbali", na fomu ya maelezo iache ilivyo, na vile visanduku vyote vitie alama ya ndiyo.

(Kwa asiye na muda wa kuandika mistari elfu mbili kuna njia ya mkato, ila ilishaharibiwa na walafi. Oktoba 2020 kampuni ya DigitalOcean iliahidi fulana kwa washiriki wa kwanza kufungua PR nne kwenye programu huria, kama ilivyokuwa ikifanya katika tamasha lake la Hacktoberfest kila mwaka. Dunia ikaamka. Wasimamizi wa miradi wakafurikiwa na PR za kuongeza neno moja la sifa kwenye faili la README, maelfu kwa maelfu, hadi siku chache baadaye kanuni zikabadilishwa: mradi usiokubali wenyewe kushiriki, PR zake hazihesabiwi. Fulana ziliwahi kuwa rahisi.)

Baada ya kuwasilisha kinaanza kipindi cha kumshughulikia mhakiki. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huo ndio mtazamo unaotakiwa: yeye asome, kazi yake nini? Subiri robo saa, kisha umfuate WhatsApp. "Shikamoo kaka, naomba unipitishie PR yangu, ni kidogo tu." Kesho yake: "Mkuu, vipi ile kitu?" Akiomba uigawe, mwambie vitu vyote vinategemeana. Hili atashindwa kulipinga, maana ili alipinge itabidi asome. Akiacha maoni ishirini, jibu mawili, mengine yakunje kana kwamba umeyatimiza, halafu zipange komiti zote upya na usukume kwa nguvu, yeye akirudi asijue alichokisoma jana kimekwenda wapi. Akikuomba jaribio moja, mletee jaribio pamoja na ukurasa mpya wa ripoti. Ukurasa huo hakuna aliyeuomba, lakini ulikuwa umeshaanza kuuandika.

Hatari ya njia hii ni mtu anayesoma kweli, na lazima nikuonye kwamba wapo. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili kwenye nakala moja ya msimbo wa Linux. Ilionekana ni ukaguzi wa kawaida, unaouliza kama mtumiaji ni mkuu wa mfumo. Ila palipotakiwa alama mbili za usawa iliwekwa moja, na katika lugha ya C hapo huulizi tena: unamfanya mtumiaji awe mkuu wa mfumo. Ilinaswa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa ambayo mengine yote yalikuwa nayo. Mistari miwili, katika mradi ambao kila badiliko lina chanzo chake, haikupata pa kujificha.

Linganisha na xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mapema mwaka 2024, wavamizi wakiitengenezea mlango wa nyuma, nukta moja, nukta tu, ilipachikwa kwenye jaribio dogo la wakati wa kujenga programu. Jaribio likawa linashindwa kila mara, na kinga iitwayo Landlock ikazimika bila kelele. Mlango wa nyuma wenyewe ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo binadamu hawezi kuyasoma kwa macho. Mwisho wa Machi ndipo Andres Freund, mmoja wa wahandisi wa PostgreSQL, aliposhangaa kwa nini kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia. Uhakiki haukukamata kitu; aliyekamata ni mtu asiyevumilia nusu sekunde. Penye wengi hapaharibiki neno, ni kweli, mradi hao wengi wawe wanasoma. Na hapa nikusifu kidogo, msomaji wangu: funika kombe mwanaharamu apite ni mbinu ambayo wavamizi waliifanyia kazi miaka miwili na zaidi, wewe unaifanya Ijumaa moja, tena bila nia mbaya.

Tuseme basi imepita. Imeunganishwa, umepongezwa, na wiki mbili baadaye ripoti za mwezi za kliniki zinaanza kutoka tupu. Wataileta git bisect, ambayo hugawa historia nusu kwa nusu ikitafuta komiti iliyoleta kosa. Komiti elfu moja humalizwa kwa majaribio kama kumi. Katika mradi uliopangwa vizuri, chombo hiki hukuangusha kwenye badiliko la mistari michache na kosa linaonekana kwa macho. Kwako kitawaangusha juu ya "Maboresho mbalimbali", mafaili arobaini, na hapo utafutaji ndiyo kwanza unaanza. Mmoja atapendekeza git revert, waiondoe yote. Hawawezi: ndani yake mna maktaba mpya ambayo PR tatu za watu wengine zimeshaitegemea, na majina mapya ya vigeu ambayo kila mtu ameshayazoea. Ikibidi waiondoe hata hivyo, na lile sharti la tarehe ya kuzaliwa litaondoka nayo, maana hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwamo.

Likabaki jambo moja dogo. Kliniki nyingi hazitumii toleo la mwezi huu. Zinatumia la miaka miwili iliyopita, kwa sababu mtandao ni wa kusuasua na hakuna anayetaka kugusa seva inayofanya kazi. Mtu wa kompyuta wa kliniki kama hiyo atakuandikia kwa heshima zote, akiomba lile sharti lako lipelekwe kwenye toleo lao la zamani. Lingekuwa komiti yake peke yake, angeinyakua kwa git cherry-pick kabla chai haijapoa. Mjibu kwamba haiwezekani, limeshikana na mengine, wapandishe toleo. Akisema hawawezi kupandisha, mwambie afungue tiketi.